Baa Jirani Ina Leseni Gani? Jinsi ya Kupata Rekodi za Leseni za Pombe Nairobi

Swali ambalo wakazi huuliza kwanza ni hili: "Hii baa ina leseni?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na mazungumzo huishia hapo. Mwenye baa anakuonyesha ukutani, chifu anakwambia karatasi ziko sawa, nawe unarudi nyumbani huku muziki ukiendelea kutikisa vioo vya dirisha. Swali lenye meno ni jingine. Ni leseni ya aina gani, ya jengo lipi, ilipitishwa na kikao kipi, na nani alikagua kabla haijatolewa? Majibu ya hayo yamo kwenye karatasi. Karatasi ziko mikononi mwa serikali ya kaunti, na wewe kama raia una haki ya kuziomba.

Nimeandika nikiwa na Nairobi akilini. Ukiwa Mombasa, Kisumu au Nakuru, sheria ya kaunti na majina ya ofisi vitabadilika, lakini haki ya kupata habari ni ile ile.

Jua faili liko kwa nani

Watu hupoteza muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu wanaenda kwa chifu au kituo cha polisi kuuliza habari za leseni. Hao wanaweza kufunga baa usiku au kukamata walevi, lakini si wao wanaotoa leseni.

Historia yake ni fupi. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo hadi leo watu huiita sheria ya Mututho kwa sababu aliyeipeleka bungeni ni John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha. Ilifuta sheria ya zamani ya leseni za pombe pamoja na ile iliyopiga marufuku chang'aa. Mwaka huo huo ikaja Katiba mpya, na Jedwali lake la Nne likaipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Nairobi ikatunga sheria yake mwaka 2014. Kwa hiyo ombi la kufungua baa Umoja au Kilimani hupitia kamati ya kaunti ndogo husika, na juu yake kuna bodi ya leseni ya kaunti. Nairobi ina kaunti ndogo 17, nawe unatakiwa kuijua yako kwa jina rasmi. Mtu wa Kayole, kwa mfano, yuko Embakasi ya Kati, si "Eastlands".

NACADA ni mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na faili la leseni ya baa ya mtaani haliko kwao. Nambari yao 1192 ni ya bure na ni ya watu wanaotaka msaada wa kuacha pombe. Ihifadhi tu, maana katika kazi hii hutakosa kukutana na anayeihitaji.

Hatua ya kwanza: soma ukuta

Leseni ya pombe inatakiwa kutundikwa mahali inapoonekana ndani ya jengo lenyewe. Hiyo ndiyo rekodi ya umma iliyo karibu nawe zaidi, na haihitaji barua. Nenda mapema, kabla wateja hawajajaa, uagize soda na usome kwa utulivu. Andika nambari ya leseni, jina la aliyepewa, jina la biashara, nambari ya ploti au jengo, aina ya leseni, tarehe ya kutolewa na ya kuisha. Leseni ni ya miezi 12, kwa hiyo ukiona tarehe ya mwaka juzi umeshapata jambo la kuuliza.

Usipige picha zenye sura za wateja, na usigombane na keshia. Yeye ameajiriwa tu.

Kuwa makini pia na kilichotundikwa. Karatasi nne hufanana na leseni ya pombe machoni pa mtu mwenye haraka, na hakuna hata moja kati yake iliyo leseni:

Ya kwanza ni kibali cha biashara cha kaunti. Siku hizi Nairobi hutoa kibali kimoja kilichounganisha vibali kadhaa vya zamani, na duka la viatu linacho vilevile. Hakimruhusu mtu kuuza hata chupa moja ya bia.

Ya pili ni risiti ya malipo. Kulipa ada si kupewa leseni.

Ya tatu ni fomu ya maombi yenye muhuri wa "imepokelewa". Muhuri huo unasema karatasi ilifika ofisini, basi.

Ya nne ni amri ya mahakama. Baadhi ya baa huendelea na biashara kwa amri ya muda inayoizuia kaunti kuzifunga hadi kesi iamuliwe. Ukikuta amri ya namna hiyo, nakili nambari ya kesi, jina la mahakama na tarehe. Kesi nayo ina faili katika masjala ya mahakama, na hukumu nyingi huchapishwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Amri za muda zina mwisho, ila karatasi hubaki ukutani hata baada ya muda wake kupita.

Hatua ya pili: aina ya leseni ndiyo habari yenyewe

Kama una muda wa kufuatilia jambo moja tu, fuatilia hili. Sheria hutofautisha baa ya rejareja ambamo watu wananywa papo hapo, duka la kuuza chupa za kwenda nazo (yale ya "wines and spirits" yaliyojaa kila kona), hoteli, mkahawa, klabu ya usiku, duka kubwa la kujihudumia, muuzaji wa jumla na mtengenezaji. Kila aina ina masharti yake, na hasa saa zake. Chini ya sheria ya 2010, baa ya kawaida ya rejareja inaruhusiwa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Klabu ya usiku ina saa tofauti, ndefu zaidi usiku.

Sasa fikiria jengo lenye leseni ya mkahawa, ambalo jikoni mna sufuria moja tu na stejini mna spika nne. Anayeuliza "mna leseni?" atajibiwa ndiyo, na jibu ni la kweli. Anayeuliza "leseni yenu ni ya mkahawa au ya klabu?" anasababisha kikohozi. Mwishoni mwa 2022, Gavana Johnson Sakaja alipotangaza kuwa leseni za klabu za usiku katika maeneo ya makazi zinafutwa, neno lililoandikwa kwenye mstari wa "aina" lilianza kupima uzito wa biashara nzima.

Vivyo hivyo kwa duka la chupa. Leseni yake ni ya kuuza na mnunuzi aende zake. Ukikuta viti, meza na televisheni ya mpira, mambo mawili hayalingani, na kutolingana huko ndiko utakakouliza katika barua.

Hatua ya tatu: ramani na majina

Sheria ya 2010 inaizuia kamati kutoa leseni mpya ya kuuza pombe kwa jengo lililo chini ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya upili au taasisi nyingine ya kufundishia watoto walio chini ya miaka 18. Inaitaka pia kamati ijiridhishe kwamba baa zilizopo eneo hilo hazitoshi mahitaji ya wakazi. Sharti hili la pili husahauliwa sana, nami naona lina nguvu kuliko la shule. Shule inapimwa kwa mita na watu watabishana kuhusu mita. Lakini kamati iliyopitisha baa ya saba katika barabara moja inapaswa kuwa na mahali ilipoandika kwamba sita hazikutosha.

Pima umbali kwa ramani ya simu, mstari ulionyooka, kisha upime tena kwa njia ya miguu. Andika namba zote mbili na useme ipi ni ipi. Ukichagua ile inayokupendelea tu, upande wa pili utaleta nyingine na utaonekana mjanja. Ulizia pia shule ilianza lini, maana mwenye baa akiwa alifungua kabla ya shule kujengwa, hoja yako itakuwa nyingine.

Kuhusu majina, leseni inaweza kuwa kwa jina la kampuni ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisikia. Idara ya Usajili wa Biashara hutoa taarifa za kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada. Hati iitwayo CR12 huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Usiifuate hati hii kwa udadisi tu. Inakufaa pale kampuni iliyonyimwa leseni mwaka jana inaporudi kwa jina jipya na sura zile zile. Kwa mwenye jengo, utafutaji wa hati ya ardhi Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya ardhi.

Hatua ya nne: ubao wa matangazo

Kabla leseni mpya haijajadiliwa, kamati inatakiwa kuandaa tangazo lenye majina ya waombaji, aina ya leseni wanazoomba, majengo yanayohusika, na siku na mahali pa kikao. Tangazo hubandikwa hadharani, na wakazi wengi hawalioni kwa sababu hakuna aendaye kusoma ubao wa ofisi ya serikali kama hana shida. Fanyeni zamu katika chama cha wakazi, mtu mmoja apite ofisi ya kaunti ndogo kila wiki na apige picha ya ubao mzima, si ya karatasi moja. Picha yenye tarehe itakuja kuwa na thamani mtu akidai tangazo lilikuwapo, au wewe ukidai halikuwapo.

Ukiliona tangazo la jengo lenu, pingamizi huandikwa kwa kamati, na sheria ya 2010 inamtaka mpingaji amfikishie mwombaji nakala ya sababu zake angalau siku saba kabla ya kikao. Kuthibitisha kwamba alifikishiwa ni kazi yako, kwa hiyo peleka na daftari la kutia sahihi au tuma kwa posta ya rejista. Pingamizi nyingi hufa hapa kwa sababu mtu aliwaambia kamati na akasahau kumwambia mwombaji.

Hatua ya tano: barua

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ndivyo vyombo vyako. Mambo machache ya kujua kabla hujaandika. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na hilo ni neno la sheria yenyewe. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari, na sababu yoyote utakayoitoa haipunguzi haki yako. Kuwasilisha ombi ni bure, na utakacholipia ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuzituma. Haki hii ni ya raia, hivyo kama mpangaji mwenzenu ni mgeni, mwacheni Mkenya atie sahihi. Mkenya aliye Doha au Minneapolis mwenye nyumba yake Kasarani anaweza kuomba pia. Asiyejua kuandika au mwenye ulemavu ana haki ya kusaidiwa na afisa kuliweka ombi lake kwenye maandishi.

Kanuni yangu ni moja. Omba karatasi kwa majina yake, usiombe maelezo. Ukiandika "naomba kujua kama baa hii inafuata sheria", utapata barua ya mistari miwili inayosema inafuata. Ukiomba kumbukumbu za kikao, afisa ana mambo mawili tu ya kufanya: kukupa, au kuandika kwamba hazipo. Yote mawili yanakufaa.

Hii ni barua unayoweza kuinakili na kujaza nafasi:

*Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari,*
*Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, City Hall.*
*Nakala: Katibu, Kamati ya Leseni za Vileo, Kaunti Ndogo ya ______*

*KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA NAMBA 31 YA 2016*

*Mimi ni raia wa Kenya. Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu jengo lililoko barabara ya ______, ploti nambari ______, linalofanya biashara kwa jina la ______:*

*1. Leseni ya kuuza vileo inayotumika sasa, na zilizotangulia kwa miaka mitatu iliyopita.*
*2. Fomu ya maombi iliyowasilishwa kwa kila leseni hiyo.*
*3. Ripoti za ukaguzi wa jengo, ikiwemo ya afisa wa afya ya umma.*
*4. Tangazo la kikao kilichojadili ombi, na tarehe lilipobandikwa.*
*5. Kumbukumbu za kikao hicho, na pingamizi zozote zilizopokelewa.*
*6. Orodha ya majengo yote yenye leseni ya vileo katika wadi ya ______, ikionyesha jina la biashara, mahali, aina ya leseni na tarehe ya kuisha.*

*Nakubali nambari za vitambulisho, simu na anwani za nyumbani za watu binafsi zifichwe. Kama hati yoyote haipo, naomba nielezwe hivyo kwa maandishi. Kama iko katika ofisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko na nijulishwe.*

*Jina, sahihi, tarehe, anwani ya posta au barua pepe.*

Ule mstari wa kukubali nambari za watu zifichwe si adabu tu. Sheria inaruhusu unyimwe habari inayoingilia faragha ya mtu bila sababu ya msingi au inayoharibu sana maslahi ya kibiashara, na kwa kusema mapema kwamba hutaki namba ya simu ya mtu, unaondoa kisingizio rahisi kuliko vyote. Ombi la sita, la orodha ya wadi nzima, nimeliweka makusudi. Bila orodha unaona baa moja. Ukiwa na orodha unaona kwamba jengo lenye leseni ya mkahawa ni la kumi na moja katika barabara yenu.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Akikataa kugonga, itume kwa barua pepe papo hapo ukiwa kwenye ngazi na uhifadhi ujumbe uliotumwa. Mtu akidokeza kwamba faili "linaweza kutafutwa haraka" kwa kitu kidogo, usitoe. Utakuwa umelipia kitu ambacho sheria inakupa, na wataendelea kukutoza kila ukirudi.

Hatua ya sita: saa inapoanza kuhesabu

Ofisi ina siku 21 kutoka siku ilipopokea ombi kutoa uamuzi. Inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, ikiwa habari ni nyingi au inahitaji kushauriana na wengine. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Usitumie kipengele cha saa 48 kwa sababu ya kelele. Kitumie pale ambapo watu wamelazwa baada ya kunywa kitu kilichouzwa jana na bado kinauzwa leo.

Kimya nacho ni jibu. Sheria inasema muda ukipita bila jibu, ombi linahesabiwa kuwa limekataliwa, na kukataliwa kunafungua mlango wa rufaa. Rufaa hiyo huenda kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman. Unayo siku 30 tangu kujulishwa uamuzi. Ambatanisha nakala yenye muhuri, jibu kama lipo, na ukurasa mmoja unaoeleza mpangilio wa tarehe. Makao yake Nairobi yako Westlands, na malalamiko hupokelewa pia kwa barua pepe. Tume ina uwezo wa kuiagiza ofisi itoe habari.

Wakati unasubiri, mwakilishi wa wadi yenu anaweza kuuliza swali hilo hilo katika bunge la kaunti, na wakazi wana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge hilo. Mimi hupendelea barua itangulie. Mwanasiasa aliyeshika barua yenye muhuri huongea tofauti na aliyeshika malalamiko ya mdomo.

Hatua ya saba: kusoma ulichopewa

Anza na tarehe, kabla ya maneno. Zipange kwenye mstari mmoja: ombi, tangazo, ukaguzi, kikao, malipo, leseni. Ukaguzi uliofanywa baada ya leseni kutolewa, kikao kilichoketi kabla tangazo halijabandikwa, au ripoti tatu za majengo tofauti zenye tarehe moja na maneno yale yale ni mambo ya kuuliza. Halafu linganisha nambari ya ploti kwenye leseni na ile ya jengo unaloliona. Leseni hutolewa kwa mtu fulani katika jengo fulani, na kuihamisha au kumpa mtu mwingine kunahitaji idhini. Baa iliyohama kutoka ghorofa ya chini ya jengo moja hadi paa la jengo la jirani haiwezi kubeba leseni yake kama inavyobeba viti.

Mwisho soma kumbukumbu za kikao ukitafuta sehemu mbili: walisema nini kuhusu shule, na walisema nini kuhusu idadi ya baa zilizopo. Pakiwa kimya, andika barua ya pili fupi kwa bodi ya kaunti, taja nambari ya leseni, nukuu sharti lenyewe, na uulize kamati ilijiridhisha vipi. Nakala impate mwenye leseni pia, kwa sababu ana haki ya kusikizwa kabla hatua yoyote haijachukuliwa dhidi yake, na uamuzi uliopita bila yeye kusikizwa hubatilishwa mahakamani.

Malalamiko ya kelele yaweke kwenye barua yake mwenyewe, kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kwa idara ya mazingira ya kaunti, chini ya kanuni za kelele za 2009. Ukiyachanganya na ya leseni, kila ofisi itakurudisha kwa nyingine. Kuhusu chupa yenyewe, kama unashuku stempu ya ushuru ni bandia, programu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya ushuru, huikagua kwa kamera ya simu. Hilo nalo halihusiani na faili la leseni, hata kama muuzaji ni yule yule.

Tarehe ya leseni kuisha iandike kwenye kalenda ya chama, na miezi miwili kabla yake mzidishe zamu za kwenda kusoma ubao.